Droo la dawa za meno ya mtoto: nilichonunua, kilichosaidia na hela niliyotupa

Jamani wazazi wenzangu, hii sijalipwa na mtu na hamna duka lililonipa kitu cha bure, ni hela yangu mwenyewe. Juzi natafuta chaja kwenye droo la kabati chumbani nikakuta nina famasi nzima mle ndani: chupa mbili za gripu wota (ile dawa ya maji ya tumbo la watoto), tyubu ya jeli ya ufizi, titha tatu, vile vidude vya kung'ata, na moja imepasuka, mkufu wa kaharabu (shanga za utomvu wa mti ulioganda), sirapu moja ambayo hata kifuniko sijawahi kukizungusha, na maganda ya vidonge vya zinki. Nikakaa kitandani nikapiga hesabu, bila nauli za bodaboda inakuja kama elfu 80 na ushee. Binti ana miezi 10 sa hivi, ana meno manne, mawili chini mawili juu, na ananing'ata vizuri tu. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye yupo pale nilipokuwa mimi, saa 8 usiku, mtoto begani, simu mkono wa pili, anatafuta kitu cha kukimbilia kununua kukicha.

Gripu wota kwanza maana ndo ilianza yote. Binti alipotimiza wiki tatu akaanza kilio cha jioni, yaani ikigonga saa 12 ni kama ametega alamu, anakunja miguu, tumbo limekaza kama ngoma, anajamba na bado analia, na inaenda hivyo mpaka saa 3 saa 4 usiku. Mama mkwe akaja kutoka Tanga, akamtazama dakika moja tu akasema "huu mchango baba, tena wa kutosha", akafungua pindo la kanga akatoa mizizi ya kuchemsha. Sasa mimi mkwe bwana nitasema nini, nikasema tunashukuru mama. Mama watoto ndo akaongea naye wanavyojua wenyewe, mizizi ikapanda juu ya kabati na mpaka leo ipo huko. Ila bibi hakuwa tayari kukaa mtoto analia na hamna anachopewa, so suluhu ikawa gripu wota, kwamba hata yeye wanae wote wamekulia hiyo.

Na kweli ni dawa ya zamani hasa. Asili yake ni Uingereza, mji wa Nottingham, mfamasia mmoja anaitwa William Woodward aliitengeneza mwaka 1851, na ile ya mwanzo ilikuwa na pombe ndani, kama asilimia 3.6, yaani bia nyepesi kabisa, pamoja na sukari, mafuta ya shibiti na sodiamu baikaboneti. Sasa mtoto wa mwezi mmoja ukimpa kijiko cha kitu hicho lazima alale, hata mimi ningelala. Za siku hizi pombe imetolewa, ya kwangu ilikuwa imeandikwa kabisa kwenye boksi kwamba haina. Nilinunua shilingi 6,000.

Ilikuwa hivi. Nikimpa, ananyamaza pale pale, anatoa kiulimi, analamba midomo, macho yamemtoka kama anasikiliza kitu cha mbali, dakika kama kumi, afu anaanza tena kulia pale pale alipoachia. Mi nikajua inafanya kazi ila nguvu inaisha haraka, nikaanza hadi kufikiria kumuongezea kipimo (usifanye hivyo). Siku moja imeisha, mshahara haujatoka, na saa 12 imefika. Mama yake akakamua maziwa kidogo akamuwekea kwa kijiko kile kile. Akanyamaza. Akalamba midomo, akatoa macho, dakika kumi, akaanza tena. Tukaangaliana. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa nanunua kijiko.

Kliniki nako tukasemwa. Nesi anapima uzito akauliza mtoto anapata nini zaidi ya ziwa, tukataja, akaweka kalamu chini. Akasema mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, labda dawa aliyoandikiwa, na kwamba chupa ikishafunguliwa na kijiko kikishaoshwa kwa maji ya ndoo ndo hapo unamletea mtoto tumbo la kweli wakati alikuwa hana. Akatueleza hicho kilio wana kipimo chao cha tatu tatu: mtoto mzima wa afya, analia zaidi ya masaa 3 kwa siku, siku 3 au zaidi kwa wiki. Kinapanda mpaka karibu wiki ya 6 afu kinashuka chenyewe, na wengi kikifika mwezi wa 3 au wa 4 kimeisha. Akageuza kadi akatuonyesha mstari wa uzito wa binti unavyopanda, akasema "baba mtoto, tumbo linaloumwa kweli halinenepi hivi." Hapo ndo nilipoanza kulala, maana kumbe nilichokuwa naogopa sio kelele, nilikuwa naogopa ana kitu ndani.

Kikaisha kweli akiwa na miezi mitatu na nusu hivi, na chupa ya pili ya gripu wota ikabaki zaidi ya nusu. Vilivyotusaidia kusogeza zile jioni ni vya bure: kumbeulisha katikati ya kunyonya badala ya kungoja amalize, kumlaza kifudifudi juu ya mkono kichwa kwenye kiwiko miguu inaning'inia afu natembea naye koridoni, na feni ya mezani mbovu mbovu yenye kelele, ile ya wanaouza mtumba. Gripu wota naipa 3 kwa 10, na hizo 3 zote ni kwa ajili ya amani kati yangu na mama mkwe.

Haya, meno sasa. Miezi mitano udenda ukaanza, bibu tano kwa siku, kidevu kimetoka vipele, anatafuna kila kinachomkaribia, mkanda wa begi, rimoti, bega langu. Usiku anaamka analia anasugua sikio. Nikaenda Kariakoo siku ya Jumamosi, kosa la kwanza hilo, nikanunua vile vidude vya kung'ata, wauzaji wanaviita titha. Nilichukua vitatu kwa sababu muuzaji alisema kaka ukichukua vitatu nakupunguzia.

Ya kwanza umbo la samaki, ina maji ndani, shilingi 1,500. Ilidumu siku nne. Nilikuwa nimembeba nikasikia mkono umelowa nikajua udenda, kuangalia ni ile titha imechanika kwenye mshono, yale maji yenye vimetameta yanamtiririka mdomoni. Nikamnyang'anya, nikamfuta ulimi kwa kitambaa, nikatafuta pakiti jalalani nisome ni maji gani yale, pakiti nzima maandishi ya Kichina na picha ya mtoto anacheka. Sio ya kupewa hata nyota moja. Kama utachukua ya maji basi ujue unanunua kitu ambacho kazi yake ni kung'atwa na humo ndani hujui kuna nini.

Ya pili ya silikoni, kipande kimoja hakina mshono wala kidoti cha kubandika, ina matundu ya kushikia, shilingi 7,000. Hii nzuri, naipa 8. Unaichemsha kama chuchu ya chupa, inarudi vilevile, na vidole vyake vidogo vinapita kwenye matundu kwa hiyo anaishika mwenyewe. Ila usiiweke frizani. Mi niliiweka siku ya kwanza nikidhani baridi zaidi ndo nafuu zaidi, ikatoka ngumu kama jiwe, akaing'ata mara moja akanitazama kama nimemsaliti. Friji ya kawaida chini, nusu saa, inatosha. Ya tatu bado ipo kwenye pakiti yake.

Sasa kilichoshinda zote hizo ni kitambaa. Nepi ya pamba ya zamani, nikaikata vipande, nikachemsha, kipande nakilowesha maji yaliyochemshwa, nakikunja fundo pembeni, naweka kwenye friji ndani ya kopo lenye mfuniko. Anakishika kwa mikono miwili anakitafuna kama mzee anavyotafuna muwa, anakamua, ananuna, anarudia. Unakaa karibu tu umuangalie. Na umeme ukikatika, unaosha mikono vizuri kwa sabuni unamsugua ufizi kwa kidole, taratibu, sekunde chache upande huu na upande ule. Utahisi pale panapotaka kutoka, pako kama punje ya mchele chini ya ngozi. 10 kwa 10 na sijui nani atakuuzia.

Jeli. Hii nataka mnisikilize. Jirani yetu mmoja mtu mzuri sana, ndugu yake alikuja nayo kutoka nje, akatuletea, tyubu ndogo ina picha ya jino linatabasamu, unapaka ufizi unakufa ganzi mtoto analala. Nikawasha tochi ya simu nikasoma nyuma: benzokeini. Nikaenda nayo famasi ya jirani, yule dada wa pale akaichukua akaigeuza akasema kaka hii usimpake. Akanieleza inaweza kuharibu damu ikashindwa kufikisha oksijeni mwilini, mtoto anageuka rangi, midomo inakuwa ya bluu au kijivu, na wadogo chini ya miaka 2 ndo wako kwenye hatari kubwa. Marekani kwenyewe mamlaka yao ya dawa, FDA, mwaka 2018 ilizitaka kampuni ziache kabisa kuuza hizi kwa ajili ya meno ya watoto wachanga. Na zile zenye lidokeini, dawa nyingine ya ganzi, nazo walishazitolea onyo kali 2014. Afu fikiria mwenyewe kwa akili ya kawaida, mtoto anayetoa udenda wa kulowesha bibu tano, jeli itakaa kwenye ufizi dakika ngapi? Inaondoka yote na mate, anaimeza, inaenda kumfisha ganzi koo. Ya kwangu ilikaa droo bila kutumika, jirani nilimwambia asante tu.

Mkufu wa kaharabu nilinunua kwa dada mmoja wa Instagramu, wanasema ukigusana na ngozi joto linatoa mafuta ya kupunguza maumivu. Shilingi 25,000, msinicheke, nilikuwa sijalala siku tatu. Bibi wala hakushangaa, yeye kaona ni shanga kama shanga nyingine, ila mama watoto alipouona shingoni kwa mtoto amelala alikata uzi pale pale, akasema we unamvalisha mtoto kitanzi? Alikuwa sahihi, mamlaka hiyo hiyo ya Marekani ilitoa onyo 2018 baada ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu kunyongwa na mkufu wake usingizini. Punje mbili tatu sizioni mpaka leo na ndo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Na ile sirapu niliyosema sijaifungua, imeandikwa ni ya meno na tumbo na homa na usingizi, vyote kwa pamoja, haina namba ya usajili wala jina la kiwanda linaloeleweka. Yule dada wa famasi ndo alinikataza, akaniuliza kama nakumbuka ya Nigeria. Sikumbuki, nikaenda kusoma. Mwaka 2008 kule ilitoka sirapu ya meno ya watoto, ina parasetamo ndani ambayo ni dawa ya kawaida tu, ila kwenye kutengeneza iliingia kemikali inaitwa daiethilini glaikoli, inaua figo, na watoto zaidi ya 80 walikufa. Wazazi wao walikuwa wanatafuta usingizi kama mimi. Na Waingereza zamani walikuwa na unga wa meno wenye zebaki, zebaki kabisa, uliuzwa mpaka ukaondolewa 1954. Tangu siku hiyo kila dawa ya mtoto naangalia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa Tanzania, kwanza, kama haupo hela inabaki mfukoni.

Kama anaumwa kweli usiku, parasetamo ya kawaida ya watoto inatosha, ila kipimo ni kwa kilo na sio kwa kijiko cha chai cha nyumbani, ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja ya mtoto na isizidi mara 4 kwa siku. Mpeleke kwanza wakupigie hesabu, afu nunua bomba la sindano lisilo na sindano, mi nilinunua mia tano tu, upimie hiyo.

Sasa ndo nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Miezi saba na wiki, Jumatatu asubuhi, binti akaanza kuharisha. Maji maji, kijani, harufu kali. Nilipomuuliza kila mtu jibu lilikuwa moja, ni meno hayo. Bibi kwenye simu, ni meno. Jirani, ni meno, wangu alivyoota aliharisha mwezi. Baba mwenye nyumba anapita na ndoo yake, ni meno hayo baba, atakaa sawa. Mi mwenyewe nikasema ni meno, na nikaridhika. Hilo neno linapumzisha sana, ukishalisema hamna cha kufanya tena.

Jioni nikapita duka la dawa moja, la wapi sisemi, nikamwambia muuzaji mtoto anaharisha meno yanatoka, hakuuliza miezi mingapi, hakuuliza kilo, hakuuliza anakojoa, akashusha sirapu ya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, akasema asubuhi mchana na jioni. Elfu 3. Dakika moja haikuisha. Nimeshanunua rangi ya nyumba nikaulizwa maswali mengi kuliko hayo.

Usiku wa siku ya pili ndo mama mmoja wa mtaani, tena kwa nia njema kabisa, akaja akamfungua mtoto mdomo, akabonyeza ufizi wa juu kwa pembeni, akasema haya sio meno ya kawaida haya, ni meno ya plastiki, kuna mzee anayatoa, kesho mapema twende. Walio mikoani mnaijua hii habari. Wengine wanaita meno ya nailoni, Waganda wanasema ebino. Imani ni kwamba mtoto akiharisha na kuwa na homa huku ufizi umevimba pale penye chonge, basi mle ndani kuna meno mabaya meupe laini yanamuua, yachokolewe. Yanachokolewa kwa spoku, kwa kisu, kwa chochote, bila ganzi. Na wanakuonyesha kweli kitu cheupe laini, kwa sababu ndo jino lenyewe la utoto halijakomaa, sasa ulitaka liwe gumu? Mtoto anavuja damu, anaingia maambukizi, wengine tetenasi, na hata chonge la ukubwani linaweza kuja limeharibika au lisije kabisa. Na kile kilichokuwa kinamharisha kipo pale pale tumboni.

Mama watoto akamwambia asante mama, tutaona kesho. Akafunga mlango. Afu akaniambia hesabu nepi.

Nikahesabu kwenye ndoo, nane tangu asubuhi. Za mkojo peke yake hamna hata moja. Nikamgusa utosini, pale panapopigaga pamebonyea kama kisahani. Analia bila machozi. Sikungoja asubuhi, tukachukua bajaji.

Sasa hii zahanati ndo naipa nyota 5 kwa 5, na najua wengi mna hadithi zenu za zahanati za serikali na mi ninazo, ila usiku ule walifanya kazi. Daktari kijana tu, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, akaangalia inavyorudi, polepole. Akauliza kuna damu kwenye choo, anatapika kila kitu, ananyonya, amewahi kushtuka degedege. Nikamwambia ni meno daktari. Akasema jino likitoka linaleta udenda, linaleta hasira, linaweza kupandisha joto kidogo sana, lakini haliharishi mtoto mara nane. Ila miezi 6, 7 ndo umri wa jino la kwanza, na ndo umri huo huo anaanza kula, anaanza kutambaa, anaokota kila kitu anaweka mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo kwa mama inaisha. Vyote vinakuja mwezi mmoja, jino ndo linaonekana kwa hiyo jino ndo linashtakiwa. Akaangalia kadi akaona chanjo ya rota, ya kukinga kuharisha kukali, alipata zote mbili, ile ya matone ya wiki ya 6 na ya 10, akasema hiyo ndo imewasaidia hajafika pabaya zaidi.

Dawa aliyotupa ni ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki, basi. Ile metronidazo akasema acha, hana damu kwenye choo, haina kazi. Nikasikia vibaya kidogo, nusu ya kichwa changu kilikuwa kinataka dripu, mtu ukishapanda bajaji usiku unataka dripu. Akatukalisha kwenye benchi na kikombe na kijiko, akasema mpe hapa hapa nikiona. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, akitapika subiri dakika kumi uanze upya polepole zaidi. Mikono inauma. Masaa manne tumekaa pale, mama yake akimnyonyesha katikati maana ziwa haliachwi, na saa 9 usiku binti akanikojolea pajani. Sijawahi kufurahia mkojo hivyo maisha yangu yote, nikamwita daktari aje aone.

ORS yenyewe: pakiti ya kwetu ni ya lita moja, na hapo ndo watu wengi tunakosea, tunaweka kwa kukadiria kwenye kikombe. Pima maji safi lita moja kwa chupa tupu ya lita moja, au ya nusu lita mara mbili, mimina yote kwenye chombo kimoja, pakiti nzima mle, usigawanye, usiongeze sukari, na ikipita masaa 24 mwaga utengeneze nyingine. Kila akiharisha unampa mililita 50 mpaka 100, ni kama robo mpaka nusu ya kikombe cha mililita 200. Ladha ni ya machozi yenye chumvi na sukari, wa kwetu alikataa akiwa na nafuu ila akiwa na kiu kweli alikunywa bila ubishi, kwa hiyo kukataa kwake ndo nilijua anapona. Nilipozinunua tena baadaye ilikuwa mia tano pakiti. Elfu 80 kwenye droo, na kilichomrudisha mwanangu ni cha mia tano.

Zinki ni kidonge cha miligramu 20 cha kuyeyusha, kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea kimoja kwa siku, chini ya hapo nusu, siku 10 mpaka 14 hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Kukatiza hapo ndo ugonjwa wa wengi, mtoto akipata nafuu tunaweka kabatini. Unakiweka kwenye kijiko, matone ya maji au maziwa ya mama, kinalainika ndani ya dakika moja hivi, unamuwekea kwa pembeni ya shavu na sio juu ya ulimi, maana kina ladha ya chuma na atakurudishia usoni. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe.

Na nilichokumbuka njiani kurudi, ndani ya bajaji, ni ile titha nzuri ya silikoni niliyoipa 8. Jumamosi kabla hajaanza kuharisha ilidondoka stendi pale chini, kwenye lile vumbi mnalolijua, nikaiokota nikaifuta kwenye suruali nikamrudishia maana alikuwa analia na abiria wanatutazama. Siwezi kuapa ni hiyo. Inaweza kuwa uji, inaweza kuwa kijiko. Lakini sa hivi natembea na mbili kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, ikidondoka imedondoka.

Siku ya sita ya zinki, asubuhi, mama yake anajiandaa kazini, mi nimempakata binti nimeshika kijiko. Nikamuingizia kwa pembeni kama kawaida, akageuza kichwa kwa ukorofi, kijiko kikagonga kitu. Ti. Nikadhani kidonge hakijayeyuka. Nikagonga tena taratibu, ti. Nikamwita mama yake, akaja na kiatu kimoja, akakichukua kijiko akagonga mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. Chini kulia, kamstari keupe kembamba hata milimita moja halijafika. Tulikuwa tumeshasahau kabisa kama kuna jino linakuja.

Ile titha ya tatu ya kwenye pakiti, anayekaa Mbagala na anaihitaji namgawia. Gripu wota nimemwaga, jeli nimeipeleka famasi waiteketeze. Mizizi ya bibi siigusi, anakuja mwezi wa 12 na najua ataangalia juu ya kabati.